Mji unapopunguza bajeti na kuunganisha huduma: nani anaamua, nani anaumia?



Katika mkutano mmoja tuliofanya na kamati za wakimbizi wa ndani, mama mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikuwa kwenye programu ya siku. Alisema: «Nilienda kuandikisha mtoto wangu, nikakuta mlango wa ofisi umefungwa. Jirani akaniambia ofisi imeunganishwa na nyingine, kule ng'ambo ya mji. Nani aliiunganisha? Na sisi tulikuwa wapi?»

Hapo watu wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja akasema ofisi ilifungwa kwa sababu mkubwa wake hakuwa wa kabila la wakubwa wa mji. Kijana mmoja akasema hapana, pesa zililiwa. Mama mwingine, mwenyeji aliyepokea watu tisa nyumbani kwake, akasema: «Ni ninyi mmekuwa wengi, mji umeshindwa kuwabeba.» Kwa dakika kumi hivi, mkutano wa amani ulikuwa karibu kugeuka ugomvi.

Hatutaji mji wala ofisi, kwani shabaha yetu si kumshitaki mtu. Lakini siku ile tulielewa jambo moja: watu wengi wanaumizwa na maamuzi ya bajeti, na ni wachache walioelezwa bajeti ni kitu gani. Mahali ambapo maelezo hayapo, uvumi unaingia. Na uvumi katika mji uliojaa watu waliofiwa na kupoteza mashamba ni sawa na kiberiti karibu na petroli. Ndiyo sababu tumeandika maelezo haya.

1. Mji ni nani mbele ya sheria?

Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 mwezi wa pili mwaka wa 2006, inasema kwamba madaraka hayakai Kinshasa peke yake. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 mwezi wa kumi mwaka wa 2008 ilieleza namna ya kuyagawa huku chini. Kufuatana na sheria hiyo, kuna sehemu nne zinazojitawala kwa kiasi fulani na zenye bajeti yao: mji, komini, sekta na usultani (chefferie). Kartie na avenyu hazimo. Kwa hiyo shefu wa kartie anaweza kusikiliza malalamiko yako na kuyapeleka mbele, lakini hana bajeti ya kupunguza wala ya kuongeza. Tusimlaumu bure.

Mji una vyombo viwili. Cha kwanza ni Baraza la mji (conseil urbain), ambalo kazi yake ni kujadili na kuamua. Cha pili ni kamati ya utendaji, yenye meya, msaidizi wake, na wakubwa watatu wanaoitwa échevins. Komini nayo ina baraza lake, mkuu wake, msaidizi na échevins wawili. Kamati ya utendaji inatayarisha bajeti. Baraza linaichunguza na kuipitisha. Gavana wa jimbo anasimamia kuona kama sheria imefuatwa.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Kwa matendo, njia imekuwa ndefu. Kwa miaka mingi baada ya sheria kutoka hakukuwa na uchaguzi wa mabaraza haya, na wakubwa wa miji waliteuliwa kutoka juu. Ni tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2023 tu ndipo washauri wa komini walipochaguliwa, tena katika sehemu ya komini za nchi. Siku hiyo watu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwao kwa sababu ya vita. Katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, hali ya dharura (état de siège) iliyoanza tarehe 6 mwezi wa tano mwaka wa 2021 iliweka wanajeshi na polisi katika viti vya utawala. Na Goma katika mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, kisha Bukavu katika mwezi wa pili, ziliingia mikononi mwa AFC/M23.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kwenda kugonga mlango wowote, uliza kwanza swali hili: hapa kwetu, leo, ni nani anayetayarisha bajeti, na ni nani anayetia sahihi ya mwisho? Jibu la Bunia laweza kuwa tofauti na jibu la Kindu au la Kalemie. Mahali ambapo baraza halijakaa, mara nyingi ni meya na wakubwa wa huduma wanaotayarisha, kisha karatasi zinapanda kwa gavana. Kumpigia kelele mtu asiye na sahihi ni kupoteza nguvu.

2. Pesa za mji zinatoka wapi?

Bajeti ni mpango wa mwaka mmoja, kuanzia mwezi wa kwanza hadi mwezi wa kumi na mbili. Upande mmoja inaandika pesa zinazotumainiwa kuingia. Upande mwingine inaandika kazi zitakazolipwa. Tunasema «zinazotumainiwa», kwani bajeti si sanduku la pesa. Ni matumaini yaliyoandikwa kwa tarakimu. Kosa la kwanza la watu wengi ni kusikia redioni kwamba mji una bajeti ya kiasi fulani, na kufikiri kwamba pesa hizo ziko tayari ndani ya kabati ya meya.

Mji una chemchemi mbili kubwa.

Ya kwanza ni mapato yake wenyewe: kodi ya meza ya soko, kodi ya maegesho ya magari, malipo ya karatasi mbalimbali na kodi nyingine za mahali. Hapa tuseme jambo ambalo wenyeji na wakimbizi wanapaswa kulisikia pamoja. Mama mkimbizi anayepanga nyanya zake chini, kando ya soko, naye analipa kodi ya soko kila siku kama mama mwenyeji. Yeye pia anaujenga mji. Si kweli kwamba wakimbizi wanakula tu bila kuleta.

Chemchemi ya pili ni sehemu ya pesa za taifa. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema kwamba 40 kwa mia ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inapaswa kubaki palepale ilipopatikana. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba 40 kwa mia ya sehemu hiyo ya jimbo inashuka kwa miji, komini, sekta na usultani. Tufanye hesabu pamoja. Jimbo likileta franka 100 za mapato ya taifa, franka 40 zingepaswa kuwa za jimbo. Kati ya hizo 40, franka 16 zingepaswa kushuka kwa sehemu zote ndogo za jimbo, zigawanywe kati yao. Tunasema «zingepaswa», kwa sababu tangu Katiba ipite, pesa hizi hazikufika zote namna ilivyoandikwa. Zinakuja kidogo kidogo, zinachelewa, au hazionekani.

Sheria inasema pia kwamba kugawanya pesa hizo kunafuata mambo matatu: uwezo wa kila mahali wa kuingiza mapato, ukubwa wa eneo, na hesabu ya wakaaji. Angalieni hilo neno la tatu. Nchi yetu ilihesabu watu wote kwa mara ya mwisho mwaka wa 1984. Mtu aliyezaliwa mwaka ule leo ni mzazi, labda na babu. Tangu hapo miji ya mashariki imepokea wimbi baada ya wimbi la watu waliokimbia. Mji unaweza kuwa na maelfu ya familia mpya zinazokunywa maji yake, zinazotumia vyoo vyake na shule zake, na karatasi za kugawanya pesa zisiwatambue. Ndiyo maana tunawaambia viongozi wa kambi: orodha zenu si za kugawa chakula na sabuni tu. Nakala yake, bila majina ya watu, ikionyesha hesabu ya familia, ya watoto na ya wagonjwa, ingefaa ifike pia katika ofisi ya mji wakati wa kutayarisha bajeti.

3. Kwa nini bajeti inapunguzwa?

Vita inaukata mji pande mbili kwa wakati mmoja. Barabara zikifungwa, mizigo haifiki; mizigo isipofika, soko linapoa; soko likipoa, kodi haziingii. Wakati huohuo watu wanaongezeka, takataka zinaongezeka, wagonjwa wanaongezeka. Mapato yanashuka huku mahitaji yakipanda.

Tuchukue mfano mdogo. Mji fulani ulitumaini franka 100 kwa mwaka. Katikati ya mwaka wakubwa wanaona kwamba zitaingia 60 tu. Kati ya 100 zile, 50 zilikuwa za mambo ya kila siku: marupurupu ya watumishi, kodi ya nyumba za ofisi, mafuta ya gari, karatasi. Nyingine 50 zilikuwa za kujenga: mitaro, vyoo vya soko, daraja dogo, kukarabati shule. Sasa wakate 40 wapi? Njia rahisi kwa mkubwa ni kuacha ujenzi, kwani mtaro ambao haujachimbwa haulalamiki, lakini mtumishi asiyelipwa anakuja mlangoni asubuhi. Hivyo ile 50 ya kujenga inabaki 10, na ile 50 ya ofisi inabaki 50. Mnaona? Bila mtu kuiba hata franka moja, mji umeacha kujenga na umebaki kujilisha wenyewe.

Hatusemi kwamba wizi haupo. Tunasema kwamba bajeti inaweza kuumiza watu hata bila wizi, na kwa hiyo swali letu lisiwe «nani amekula?» peke yake. Liwe pia «mmechagua kukata wapi, na kwa nini huko?»

4. Kuunganisha huduma maana yake nini?

Pesa zikikosa, wakubwa wanatazama orodha ya huduma na kusema: hizi mbili zifanye moja. Huduma ya usafi iungane na ya mazingira. Huduma ya vijana iungane na ya mambo ya kijamii. Ofisi mbili ndogo za kuandikisha watoto zihamie katika ofisi moja kubwa.

Jambo lenyewe si baya kwa asili yake. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 198, inakataza serikali ya jimbo kuwa na mawaziri zaidi ya kumi, na ndiyo sababu waziri mmoja wa jimbo anabeba kazi tatu au nne pamoja. Kuna miungano inayomsaidia raia. Kama ajenti wawili wa ofisi mbili wanakuja kwenye meza moja ya soko, kila mmoja na risiti yake, kuwaunganisha kutampumzisha mama muuzaji. Huo ni muungano tunaoweza kuupigania.

Lakini tuelewe vizuri akiba inatoka wapi. Katika huduma nyingi za mji, watumishi wenye namba ya matricule ni watumishi wa taifa, na mshahara wao unatoka Kinshasa. Wengine ni wale wanaoitwa «nouvelles unités», wanaofanya kazi miaka bila mshahara wa kweli. Meya akiunganisha ofisi zao, mshahara ambao mji hauulipi hauwezi kuwa akiba ya mji. Kinachobaki kuokolewa ni kodi ya nyumba, mafuta, karatasi na marupurupu ya mahali. Mara nyingine akiba hiyo ni ndogo kuliko tunavyoambiwa. Kwa hiyo swali la haki ni hili: muungano huu utaokoa kiasi gani kwa mwaka, na pesa hizo zitapelekwa wapi? Kama hakuna anayeweza kujibu, basi muungano bado haujaiva.

Na kuna gharama isiyoandikwa katika bajeti ya mji, kwa sababu inaandikwa katika bajeti ya nyumba yako. Ofisi ikihama kilometa sita, mji umeokoa kodi ya nyumba moja, lakini familia mia tano zimeanza kulipa motari kwenda na kurudi. Gharama haikufa. Ilihama, kutoka kwa mji kwenda kwa masikini.

5. Mahali patatu panapouma zaidi

Kuandikisha watoto. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa mwezi wa saba mwaka wa 2016, inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa ili mtoto aandikishwe kwa ofisa wa état civil, tena bure. Siku hizo zikipita, inabidi kupita mahakamani kutafuta hukumu, na hapo kuna safari, kusubiri na gharama. Kwa familia iliyokimbia, siku 90 zinapita kama upepo: mama bado dhaifu, baba anatafuta kibarua, hakuna pesa ya motari. Ofisi iliyo karibu ikifungwa, mtoto anabaki bila karatasi. Kesho atapata shida shuleni. Kesho kutwa watamwuliza kama ni Mkongomani kweli. Katika nchi ambamo swali la uraia limeshamwaga damu, karatasi ya mtoto si jambo dogo la ofisi. Ni jambo la amani.

Usafi na maji machafu. Mitaro ikikosa kuzibuliwa na takataka zikikosa kuchukuliwa, ugonjwa hauchagui mwenyeji wala mkimbizi. Wazee wa Goma hawajasahau mwaka wa 1994, kipindupindu kilipoua maelfu na maelfu ya watu kwa majuma machache katikati ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Huduma ya usafi inapounganishwa na nyingine, hatari ni kwamba koleo na toroli zinabaki zilezile, lakini kazi inaongezeka mara mbili. Salongo ya jumamosi inasaidia, nasi tunaipenda, ila haiwezi kuchukua nafasi ya gari la takataka.

Mambo ya kijamii. Hapa ndipo mjane, mzee na mgonjwa asiye na uwezo wanapoomba karatasi ya kuthibitisha kwamba hawana kitu (attestation d'indigence). Ofisi hii haileti kodi, na ofisi isiyoleta kodi ndiyo inayokuwa ya kwanza kukatwa. Wakubwa wanasema haina faida. Lakini kwa mtu aliyeacha nyumba na ng'ombe zake nyuma ya mlima, huenda ndiyo ofisi pekee ya serikali inayomtambua.

6. Tujifunze kwa wengine: Johannesburg

Wengi wetu tuna ndugu waliokwenda kutafuta maisha Johannesburg, Afrika ya Kusini. Mji ule mkubwa na tajiri ulipita katika shida kama hii. Mwaka wa 1997 ulishindwa kulipa madeni yake, pamoja na deni la umeme, na ukakata vikali pesa za ujenzi. Wakati huo ulikuwa na halmashauri tano: nne za sehemu za mji na moja ya juu. Mwaka wa 1999 wakapitisha mpango ulioitwa Igoli 2002, na katika mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2000 halmashauri zile tano zikawa moja. Kazi za maji, umeme na takataka zikapewa makampuni ya mji wenyewe: Johannesburg Water, City Power na Pikitup.

Vyama vya wafanyakazi viliandamana kuupinga mpango, wakiogopa kupoteza kazi na kuona huduma zikigeuzwa biashara. Hata hivyo hesabu za mji zilirudi kusimama. Je, raia wadogo? Miaka michache baadaye, katika kartie ya Phiri, Soweto, watu waliwekewa mita za maji za kulipa kwanza. Kiasi kidogo cha bure kikiisha na huna pesa, maji yanakatika. Wakaaji walikwenda mahakamani, wakapanda hadi Mahakama ya Katiba, na mwaka wa 2009 mahakama hiyo ikaupa mji haki.

Tunachukua mafundisho mawili. Kwanza, kuunganisha kunaweza kweli kuokoa mji unaozama. Tusikatae kila badiliko kwa hofu. Pili, mji unaweza kupona huku nyumba ya masikini ikiumia, kama sauti ya masikini haikusikika mapema, wakati mpango ulipokuwa bado unaandikwa. Kupiga kelele baada ya sahihi ni vigumu, hata kwa watu wenye mawakili.

7. Tujifunze kwa sisi wenyewe: Ibanda

Hatuna haja ya kwenda mbali sana. Karibu na mwaka wa 2010, kwa msaada wa Benki ya Dunia, komini na usultani kadhaa za Kivu ya Kusini, pamoja na komini ya Ibanda mjini Bukavu, zilijaribu bajeti shirikishi. Njia hii ilianza Porto Alegre, nchini Brazil, mwaka wa 1989: raia wanakutana kartie kwa kartie, wanapanga mahitaji yao, wanachagua lipi litangulie, kisha utawala unalitia katika bajeti.

Huku kwetu walitumia pia simu. Watu waliitwa mikutanoni kwa ujumbe mfupi, na walijulishwa maamuzi kwa njia hiyohiyo. Jambo lilikuwa rahisi: mtu akiona kodi yake imekuwa daraja au chumba cha darasa, anakuwa na moyo wa kulipa tena. Asipoona kitu, anamkimbia mtoza kodi.

Majaribio yale hayakuponya shida zote, na vita vilivyofuata vimeharibu mengi. Lakini yalionyesha kwamba raia wa Kongo, aliyesoma na asiyesoma, anaweza kukaa chini na kusema: pesa ni kidogo, basi tuanze na hiki. Watu wenye njaa wanajua kugawa chakula kidogo. Wanajua pia kugawa bajeti ndogo.

8. Tufanye nini?

Kwanza, tupeleke maswali kabla ya malalamiko. Haya ndiyo tunayoshauri kamati zenu zimwulize meya, mkuu wa komini au washauri:

– Mwaka huu mlitumaini kupata kiasi gani, na kimeingia kiasi gani?
– Mmekata katika ujenzi au katika matumizi ya ofisi? Kwa kiasi gani?
– Huduma gani zinaunganishwa, na akiba yake ni kiasi gani kwa mwaka?
– Raia atatembea umbali gani kufikia ofisi mpya?
– Mzee, mjamzito na mlemavu watafanyaje?
– Baada ya miezi sita, nani atapima kama muungano umesaidia au umeharibu?

Pili, tuandike. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa utawala, peke yake au pamoja na wengine, na utawala unapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kinasema pia kwamba mtu asiteswe wala asishitakiwe kwa sababu ya ombi la namna hiyo. Mkimbizi wa ndani hajapoteza uraia wake njiani. Mkataba wa Kampala wa mwaka wa 2009, ulioanza kutumika mwaka wa 2012, unakumbusha hilo kwa Afrika nzima. Barua iwe fupi, iwe na tarehe, na nakala yake ipigwe muhuri wa kupokelewa. Pale ambapo hali ya usalama hairuhusu kuweka majina, msiyaweke. Pitieni kwa viongozi wa dini au mashirika mnayoyaamini. Hakuna ofisi inayostahili uhai wa mtu.

Tatu, tuende pamoja na wenyeji. Barua ya wakimbizi peke yao inasomwa kama barua ya wageni. Barua ya wakimbizi na familia zinazowapokea ni barua ya kartie. Katika ujumbe wa watu sita, wawe wanawake watatu, kwani ni wao wanaobeba mtoto, ndoo na foleni.

Nne, viongozi wazuie uvumi. Ukisikia kwamba ofisi ilifungwa kwa sababu ya kabila, usirudie kabla ya kuuliza. Na kama umeuliza na kukuta kwamba ni kweli watu wa upande mmoja tu ndio walioondolewa kazini, lisemwe mbele ya wahusika, kwa utulivu na kwa hesabu. Muungano wa haki unatumia kipimo kimoja kwa wote, na kipimo hicho kinatangazwa mapema.

Tano, tupendekeze. Badala ya kusema «rudisheni ofisi» tu, sema: «Tuleteeni ajenti siku moja kwa juma.» Shule au kanisa linaweza kutoa chumba na meza. Mji usio na pesa unakubali kwa urahisi jambo linalogharimu kidogo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa yule mama wa mkutano wetu. Kamati ya wakimbizi na wenyeji wa avenyu ile, pamoja na yule mama aliyepokea watu tisa, waliandika ukurasa mmoja. Hawakumtukana mtu. Waliandika hesabu ya watoto waliozaliwa tangu ofisi ifungwe na bei ya motari kwenda na kurudi. Walisubiri muda mrefu kuliko walivyotumaini. Mwishowe ajenti mmoja alianza kuja kila alhamisi, na daftari lake chini ya kwapa, akikaa katika darasa la shule ya msingi.

Mtoto wa yule mama alikuwa amekwisha kupita siku 90. Yeye bado anafuata njia ya mahakama, nasi tunatembea naye. Lakini alhamisi ya kwanza alikuja vilevile, akakaa kwenye benchi pamoja na akina mama wengine waliobeba vichanga. Tulimwuliza amekuja kufanya nini. Akajibu: «Nimekuja kuhesabu. Wakisema tena kwamba hakuna watu, nitakuwa na hesabu.»

Wapendwa, bajeti ni hesabu. Tusiwaachie wengine kuhesabu peke yao. Someni maelezo haya pamoja katika kamati zenu, mjadili bila hasira, na mtuletee maswali yenu tutakapopita. Amani ibaki nanyi na nyumba zenu zote.